Ukili wa Rehani

Mabasi ya Lindi na Mtwara hayakai Somanga. Yanasimama kiasi cha abiria kununua samaki wa kukaanga, korosho na maji, na waliobanwa kukimbilia nyuma ya vibanda, kisha honi inalia. Katika kiasi hicho hicho Kidawa Abdurahmani alikusudia kuwafundisha watu kusuka.

Alikuwa amerudi kutoka chuo cha sanaa za mikono Dar es Salaam na cheti cha ufumaji na ususi, na maneno mawili ambayo baba yake mdogo hajayaelewa mpaka leo: sanaa shirikishi. Maana yake, Kidawa alimweleza, ni kazi ambayo msanii haifanyi peke yake, anaifanya na yeyote anayepita.

"Yaani umesomea kuwatumikisha wenzako," baba mdogo akasema. "Hiyo mbona hata mimi naiweza, na sikulipiwa ada."

Serikali ya kijiji ilimwazima banda la zamani la kupimia samaki, karibu kabisa na pale mabasi yanaposimama. Halina kuta. Lina sakafu ya saruji, paa la bati, na katikati inaning'inia ndoano ya mizani iliyong'olewa zamani. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Fidelis, mchongaji waliyemaliza naye chuo, kijana wa Mtama ambaye wazazi wake walishuka kutoka uwanda wa Wamakonde. Fidelis alizungusha mabenchi ya mkorosho pembeni mwa banda na kuwaachia wapita njia visu butu wachonge walichotaka. Kwa sehemu kubwa walichonga majina yao.

Kazi ya Kidawa ilikuwa jamvi. Jamvi moja la kujaza sakafu yote, la kukaliwa na kila mtu, na kusukwa na kila mtu. Anayejua mikeka anajua kwamba jamvi huanza na ukili, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa yaliyochanwa, unaosukwa kwa vidole kisha kuzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, sindano nene ya mikeka. Kidawa aliwataka watu waache japo shubiri moja moja. Palipopita kina bibi ukili ulinyooka. Palipopita makonda ulipinda kama njia ya ng'ombe. Hakufumua hata shubiri moja. Jamvi lingetandikwa mara ya kwanza mwishoni mwa Shaaban, kabla ya mfungo, siku ambazo watu wa pale husomeana khitma na kuwakumbuka waliotangulia.

Miyaa ilipoanza kupungua, Kidawa aliandika kwa chaki kwenye ubao: LETE ULICHOKIACHA NJIANI. Alitaka vipande visivyomalizwa, kutoka majumbani. Chuoni wazo kama hilo lilipigiwa makofi. Kijijini lilisomwa, na kina mama wakapita kimya.

Alipaswa kujua. Katika nyumba alizokulia Kidawa, ukili ulioachwa katikati haumaliziwi na mkono mwingine. Mwenyewe akisafiri, unachomekwa kwenye makuti ya paa, ncha ikiwa wazi, kwa sababu mkono ulioanza ndio utakaorudi kumaliza. Mwenyewe akifa, unafumuliwa siku hiyo hiyo na chane zake za miyaa zinazikwa naye. Hakuna hali ya tatu. Kidawa aliyafahamu hayo yote tangu utotoni, ila chuoni alikuwa amejifunza kuyaita mila na desturi, na kitu ukishakipa jina la namna hiyo ni rahisi kukisahau.

Kipande kimoja tu kililetwa. Alikileta mwanamume.

Mzee Jafari alifika asubuhi watu wakiwa kwenye vibanda vya samaki, amebeba kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kidawa alimwamkia, mzee akaitikia marahaba bila kukaa.

"Umesema mnapokea vilivyoachwa."

"Ndiyo, Baba Rehani."

"Basi pokea. Shona. Usinirudishie."

Alipofungua karatasi, Kidawa hakuhitaji kuuliza. Mistari ya ukili ule ililalia kushoto. Pwani nzima ile alimjua mtu mmoja tu aliyesuka hivyo. Rehani, binti wa Mzee Jafari, alikuwa na shoto. Yeye na Kidawa walijifunza kusuka wakiwa wamekaa wametazamana, magoti kwa magoti, na ilikuwa kama mtu na kioo chake: mkono wa kushoto wa mmoja na wa kulia wa mwenzake ilikwenda pamoja. Mwaka ambao Kidawa aliingia chuo, Rehani alipanda boti kwenda kisiwani Songosongo kwenye arusi ya binti wa shangazi yake. Boti haikufika. Hapakuonekana ubao wala kandambili.

"Mama Rehani anajua?" Kidawa aliuliza.

"Mama Rehani," mzee alisema, "anajua kwamba mtoto yuko njiani. Miaka yote hii mtoto yuko njiani." Alitazama juu, kwenye bati za banda. "Nimenunua bati za nyumba yangu, zimepangwa uani zinashika kutu. Sheikh kaja kutaka tusome khitma, katimuliwa. Fundi kaja kufumua makuti, katimuliwa, kwa sababu ukili umo humo na haugusiki. Mvua ikinyesha nalala na beseni kifuani. Mimi nimeshamlilia mwanangu, Kidawa. Nataka na mama yake amlilie."

"Ataona haupo."

"Nimechomeka mwingine mahali pake. Macho yake si yale ya zamani."

Hapo ndipo Kidawa alipopaswa kukataa. Badala yake aliuchukua ukili na kuutundika kwenye ndoano ya mizani, ili autazame vizuri kabla ya kuushona. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu. Ukweli ni kwamba alifurahi kuuona.

Jambo lenyewe lilianza mchana, jua likiwa utosini, watu wakiwa tele. Basi la kutoka Lindi liliingia, na kama kawaida banda likabaki tupu: wachuuzi walikimbilia madirishani na mabeseni yao, na Kidawa akaenda nao kuwaita abiria. Aliporudi, ukili wa Rehani ulikuwa umeongezeka.

Mwanzoni alidhani abiria fulani amekosea kipande. Ndivyo banda lilivyokusudiwa, mtu apite aache mkono wake. Lakini sehemu mpya ililalia kushoto. Tena ilikuwa imerowa, na haikurowa kwa maji ya ndoo yake, ya kisima. Ilipokauka iliacha weupe. Kidawa alipitisha ulimi kwenye kidole. Chumvi.

Kesho yake alifunga uzi mwekundu kwenye msuko wa mwisho. Basi la kwanza lilipoondoka, uzi ulikuwa umemezwa, na chini yake kulikuwa na shubiri nzima ya ukili uliokazwa sawasawa, chane zikidondosha maji kwenye saruji.

"Labda kuna konda mwenye shoto," alisema Ismaili, muuza samaki, ambaye beseni lake lilikuwa kubwa kuliko mwili wake. "Au jini. Ila jini la Somanga lingesuka bure? Lingeomba kwanza nauli."

Watu walicheka. Kidawa naye alicheka, kisha akagundua kwamba hakuna aliyekuwa anakaa upande wa ndoano. Kina mama waliokuja kusuka walibanana kwenye mabenchi ya mbele, juani, na kuacha kivuli kitupu.

Alijaribu kuupeleka nyumbani. Nyumbani ukili ulikaa kimya kama ukili wowote. Aliurudisha bandani, basi likaingia, likatoka, ukawa umeongezeka. Aliurudisha, ndiyo, maana hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameanza kuyasubiri mabasi. Muungurumo ukisikika kwa mbali alihisi moyo ukienda mbio, kama enzi zile walipokuwa wasichana na mmoja akimsikia mwenzake akipiga hodi uani.

Fidelis ndiye aliyesema yatosha.

"Oya, Kidawa, hapa pana mtu anatuchezea. Basi likija nyinyi nendeni. Mimi sibanduki."

Alikaa kwenye benchi lake na patasi mkononi. Basi la Mtwara likaja, vumbi likatimka, Kidawa akaenda kumshikia Ismaili beseni la pili wakati akirudisha chenji. Basi lilipoondoka alirudi mbiombio.

"Umemwona?"

Fidelis alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Nimwone nani?"

"Aliyekuja."

"Hajaja mtu. Ulikuwepo wewe tu."

"Mimi nilikuwa kwenye basi."

"Acha utani, bwana. Si ulikuwa umekaa pale, chini ya ndoano? Umenipa mgongo. Nikakuita, hukugeuka, nikasema leo kaninunia."

Kidawa alimwita Ismaili. Ismaili alikula kiapo: Kidawa alikuwa naye dirishani tangu basi liliposimama hadi lilipong'oa, na samaki mmoja alimdondosha, anamdai. Fidelis alikwenda kutazama pale chini ya ndoano. Saruji ilikuwa imelowa, duara la ukubwa wa mtu aliyekaa.

Jioni ile Kidawa alikwenda kwa Mzee Jafari kumtaka auchukue ukili wake. Alimkuta uani karibu na bati. Mzee hakutaka kusikia. "Nilikwambia shona. Ukiushona umekwisha, na kikiisha kitu mtu hulia, akanyamaza." Kidawa akarudi bila kusema mengine. Angeanzaje? Kumwambia baba kwamba mtoto anayetaka kumlilia anakuja kila basi linapoingia?

Lakini ukili ule usiokwisha haukuwa mzaha kwake pia. Jamvi lilikuwa limekamilika, limebaki mzunguko wa ukingo tu, na ukili wa Rehani ulikuwa sasa mrefu wa kutosha kuuzunguka. Akiushona, atakuwa amemfungia rafiki yake nje. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na safari hii hakuweza kuliita jambo hilo mila na desturi. Asipoushona, mama wa watu ataendelea kukaa chini ya paa bovu akimsubiri mtu anayerudi akiwa amelowa.

Mvua ndiyo iliyoamua. Ilinyesha alfajiri, nzito, na makuti ya Mzee Jafari yakashuka. Bi Sauda, mke wake, alipandisha macho kuona kama ukili umepona. Macho yake hayakuwa yale ya zamani, lakini mikono ilikuwa ile ile. Aliupapasa. Mistari ililalia kulia. Alimbana mumewe mpaka akataja banda.

Alifika bandani basi la saa nne likiwa limetoka tu, vumbi halijatua. Mwanamke mfupi, kanga imelowa mabegani. Tangu boti ipotee watu walianza kumwita Bi Sauda badala ya Mama Rehani, wakidhani wanamwonea huruma, naye akiitwa hivyo haitikii.

"Shikamoo, Mama Rehani," alisema Kidawa.

"Marahaba. Uko wapi?"

Kidawa alielekeza kwenye ndoano. Mzee Jafari alikuwa akija nyuma, anahema, amevaa ndala za rangi mbili.

"Sauda, mama, turudi nyumbani."

"Baba Rehani, usiniguse." Hakupandisha sauti. "Umenichomekea ukili wa mtu baki juu ya kichwa changu. Siku zote hizi nimemwombea mtu nisiyemjua."

Mzee alisimama palepale. Wachuuzi walisahau korosho zao. Bi Sauda aliushusha ukili kwenye ndoano, akakaa chini kwenye saruji, akaanza kuupitisha kati ya vidole kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayesoma tasbihi.

"Hapa alikuwa anaimba," alisema. "Umelegea. Hapa kakaza sana. Tuligombana siku ile, nilimkataza asiende kwenye arusi." Akaendelea. Akafika pale weupe wa chumvi ulipoanzia, akasita. "Hapa ndipo alipoachia."

Vidole vyake vilivuka hapo vikaingia kwenye sehemu mpya. Vilikwenda taratibu zaidi. Alinusa. Akavuta tena, na tena, mpaka akafika kwenye ncha, na pale mikono ikatulia.

Ncha ilikuwa imefungwa. Chane zote zilikuwa zimekunjwa ndani na kukazwa, kazi safi, kama ifungwavyo na mtu anayejua kwamba hatarudi tena kwenye kazi hiyo. Asubuhi, kabla ya basi, Kidawa aliiona ikiwa wazi.

"Nani kaufunga?" aliuliza Bi Sauda.

Swali lilikuwa rahisi na kila mtu pale alijua uzito wake. Kama umefungwa na mkono mwingine, mtoto amefungiwa nje, na mama hatamsamehe aliyefanya hivyo mpaka kaburini. Kama umefungwa na aliyeuanza, basi alikuja kweli, na aliyekuja akamaliza hana tena cha kumrudisha. Kidawa alifungua kinywa. Alitaka kusema "sijui", na hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote.

"Nionyeshe mikono yako," Bi Sauda alisema.

Kidawa alinyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa mkavu, una madoa ya rangi, kama kila siku.

"Na huo."

Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha ndani ya kanga tangu basi lilipotoka. Hakujua kwa nini. Alipoutoa, aliuona pamoja na wengine kwa mara ya kwanza. Kati ya kidole gumba na cha shahada kulikuwa na michaniko myembamba, mibichi, ile anayoipata anayekaza miyaa kwa nguvu. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyekaa majini siku nzima. Kidawa hajawahi kusuka kwa mkono wa kushoto maishani mwake.

"Basi lilipokuwa hapa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na Ismaili. Dirishani."

"Kweli, mama," alisema Ismaili, na safari hii hakutania. "Alikuwa na mimi."

Bi Sauda alimgeukia Fidelis. Kijana alitazama patasi yake. "Alikuwa hapa, mama," alisema. "Kakaa hapo ulipokaa wewe. Naapa kwa Mungu."

Mwanamke yule aliushika mkono wa kushoto wa Kidawa kwa mikono yake yote miwili. Aliugeuza. Alivibonyeza vidole kimoja kimoja kama anavihesabu, akaupeleka shavuni kwake, akauweka hapo kwa muda, macho yamefumba. Kisha akaurudisha kwenye paja la Kidawa, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

"Nipe shazia," alisema.

Alishona mwenyewe. Alizunguka jamvi lote kwa magoti, akivuta uzi, na hakumruhusu yeyote amsaidie, hata Mzee Jafari aliyekuwa amekaa chini jirani naye, kichwa kati ya magoti. Mabasi mawili yaliingia na kutoka. Hakuna mchuuzi aliyeyakimbilia, na madereva walipiga honi wakashangaa. Alipofika mwisho alikata uzi kwa meno. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo watu wa Somanga walikuwa wakiisubiri miaka yote ile, na kina mama waliokuwa wakikwepa kivuli cha ndoano waliingia wote, wakamzunguka.

Khitma ya Rehani ilisomwa juu ya jamvi lile siku tatu kabla ya mfungo. Siku hiyo hiyo mafundi walikuwa juu ya nyumba ya Mzee Jafari, wakishusha makuti. Watu walikaa mpaka wakabanana, wa dini zote, Fidelis akiwa ukingoni kabisa akishika chano cha tende. Baada ya dua, Bi Sauda alipoinuka kanga yake ilikuwa imelowa upande aliokalia. Aliikamua kidogo, maji yakadondoka kwenye saruji, akaelekea nyumbani kutazama bati. Hakugeuka nyuma.

Fidelis alirudi Mtama. Anachonga milango huko, na akipigiwa simu anauliza habari za kila mtu isipokuwa banda. Kidawa amebaki. Jamvi lipo sakafuni, linakaliwa na wauza korosho, wasafiri na watoto wao, na magazeti mawili yameshalipiga picha. Kwenye picha ukingo unaonekana mweupe, wasomaji wanadhani ni rangi. Kidawa huufagia kwa chelewa, na baada ya siku chache chumvi hutoka tena.

Ameanza jamvi jingine. Ubao wa chaki ameufuta. Anafundisha yeyote anayeshuka, kwa mkono wa kulia, kwa uvumilivu mwingi, na watu wanasema hawajaona mwalimu mtulivu kama yule. Ila muungurumo ukisikika kutoka upande wa Lindi, anaacha kila kitu. Anakaa chini, anaukalia mkono wake wa kushoto kwa uzito wa mwili mzima, na hausogezi mpaka basi liondoke.